Joseph Thomson: Safari ya Miguu Kupitia Milima na Maporomoko

Mtahiniwa, wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayotolewa na mtu mwingine. Husimuliwa katika nafsi ya tatu na kwa kawaida hufuata mpangilio wa wakati: kuzaliwa, malezi, elimu, kazi, mafanikio, changamoto na mwisho wa maisha. Wengi hupoteza alama kwa kuorodhesha miaka tu bila kumwonyesha mhusika akikabiliwa na jambo gumu na kulifanyia uamuzi. Soma wasifu huu kwa makini. Zingatia jinsi tukio moja kuu, yaani safari ya mwaka 1883 hadi 1884, linavyopewa nafasi kubwa kuliko mengine. Kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni.

Kuzaliwa na elimu

Joseph Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mwashi ambaye baadaye alikuja kuwa na machimbo ya mawe. Katika machimbo hayo kijana Joseph alijifunza kutambua aina za miamba kabla hata hajaisoma darasani. Alipenda kutembea peke yake vilimani na kusoma habari za wasafiri waliofika Afrika, hasa David Livingstone, aliyekuwa Mskoti kama yeye.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasomea elimu ya miamba na mimea. Mmoja wa walimu wake alikuwa Archibald Geikie, mtaalamu mashuhuri wa miamba. Thomson alimaliza masomo akiwa na umri wa miaka 20. Hakuwa na mali wala jina. Alichokuwa nacho ni miguu yenye nguvu, jicho la kuchunguza na hamu ya kwenda mbali.

Mtihani wa kwanza: 1879

Mwaka 1878 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilikuwa likitayarisha msafara wa kwenda Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kiongozi wake alikuwa Keith Johnston, mchoraji ramani. Thomson aliomba nafasi na akachukuliwa awe mtaalamu wa miamba na viumbe.

Msafara uliondoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879 ukiwa na wapagazi wapatao 150. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, mahali paitwapo Behobeho, Johnston alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu. Thomson alikuwa na umri wa miaka 21. Hakuwahi kuongoza msafara wowote, na Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga. Angeweza kurudi pwani na hakuna ambaye angemlaumu. Aliamua kuendelea.

Uamuzi huo haukuwa wake peke yake. Mnyapara mkuu wa msafara alikuwa Chuma, Myao aliyekuwa mmoja wa watu walioubeba mwili wa Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo. Chuma alizijua njia, lugha na tabia za wapagazi. Kijana Mskoti alikuwa kiongozi kwa jina, lakini kila siku alimtegemea mtu huyo mwenye uzoefu. Msafara ulipita Uhehe, ukafika Ziwa Nyasa na baadaye Ziwa Tanganyika, kisha ukarudi pwani mwaka 1880. Katika safari yote hiyo Thomson hakupigana vita na jamii yoyote. Jambo hilo lilimpa sifa iliyomfuata maisha yake yote: alipendelea subira na mazungumzo kuliko bunduki.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri atafute makaa ya mawe katika bonde la mto Ruvuma. Thomson alichunguza na akaripoti ukweli kwamba hapakuwa na makaa yenye thamani. Habari hiyo haikumpendeza Sultani, lakini Thomson hakuibadilisha.

Kazi iliyoogopwa

Wakati huo misafara mingi ya kwenda Ziwa Victoria ilifuata njia ndefu kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Njia fupi zaidi ingekuwa kutoka Mombasa moja kwa moja kuelekea kaskazini magharibi, lakini ilipita katika nchi ya Wamaasai. Wafanyabiashara Waswahili waliijua njia hiyo na kuitumia kutafuta pembe za ndovu, ila walisafiri kwa makundi makubwa na kwa hadhari kuu. Wamaasai waliilinda ardhi na malisho yao, na hawakukubali mtu apite bila kulipa hongo.

Mmisionari Johannes Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na mwenzake Ludwig Krapf akauona Mlima Kenya kwa mbali mwaka 1849 akiwa Ukambani. Tangu hapo hakuna Mzungu aliyekuwa ameukaribia Mlima Kenya. Shirika la Jiografia lilimpa Thomson kazi mbili: atafute njia ya kufika Ziwa Victoria kupitia nchi ya Wamaasai, na auchunguze mlima huo.

Matayarisho yalikuwa magumu. Wapagazi hodari wa Zanzibar walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na misafara mingine. Wengi wa aliowapata walikuwa watu wasio na uzoefu, na wengine walikuwa wakikimbia matatizo mjini. Wanyapara wake walikuwa Manwa Sera, aliyewahi kusafiri na Stanley, na Makatubu, ambaye alisifika kwa bidii. Msaidizi wake Mzungu alikuwa James Martin, baharia kutoka Malta. Martin hakujua kusoma wala kuandika, lakini alizungumza lugha kadhaa na kuelewana na watu upesi.

Mizigo ilikuwa shanga, nguo, nyaya za chuma na za shaba, bunduki, dawa na vyombo vya kupimia. Kila mpagazi alibeba kama frasila mbili kichwani au begani, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chakula chake, mkeka na bunduki. Mtahiniwa anayesoma habari za wapelelezi akumbuke uzito huo. Msafara wowote ulikwenda kwa kasi ya mtu aliyebeba mzigo, wala si kwa kasi ya kiongozi asiyebeba kitu.

Kuanza na kurudi nyuma

Msafara uliondoka Mombasa mwezi Machi 1883. Ulivuka nyika kavu ya Taru, ambapo maji yalikuwa haba na miiba mingi, ukapita milima ya Taita na kufika Taveta. Hapo palikuwa na msitu, maji na chakula, na misafara yote ya Waswahili ilipumzika hapo. Thomson aligundua kosa kubwa: shanga zake hazikutungwa kwa urefu ambao Wamaasai waliukubali. Wapagazi walilazimika kukaa chini na kutunga upya maelfu ya kete za shanga. Bila kazi hiyo, mali yote ingekuwa haina thamani njiani.

Wakati wa kusubiri, Thomson alikwenda Moshi kwa mtawala Mandara, akajaribu kuupanda Kilimanjaro kwa siku moja. Alifika kiasi cha mita 2,700, katikati ya msitu mnene, kabla ya muda kumwishia. Hakuiona theluji kwa karibu. Kilele cha mlima huo kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889.

Mwezi Mei msafara uliingia nchi ya Wamaasai, na matatizo yakaanza mara moja. Daktari Mjerumani Gustav Fischer alikuwa ametangulia na msafara wake, na watu wake walikuwa wamepigana na Wamaasai. Morani walikuwa na hasira na walikuwa wakiwasubiri wageni waliofuata. Thomson alipima mambo: watu wake walikuwa wachache, waoga na wageni wa njia. Usiku, bila kelele, aliwaamuru wafunge mizigo na kurudi Taveta.

Kurudi nyuma ni jambo linaloumiza fahari ya msafiri. Hata hivyo, uamuzi huo ndio uliouokoa msafara. Thomson alitembea kwa haraka hadi Mombasa, akaongeza bidhaa na watu, kisha akarejea Taveta. Mwezi Julai alianza tena, na mara hii alijiunga na msafara mkubwa wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani. Kimemeta aliijua nchi ya Wamaasai na lugha yao. Miaka michache baadaye ndiye aliyesafiri pia na Samuel Teleki, aliyefika Ziwa Turkana mwaka 1888. Vitabu vingi humtaja Kimemeta kwa sentensi moja tu, ilhali bila yeye na Waswahili wenzake huenda safari hii isingefika mbali.

Ndani ya Bonde la Ufa

Msafara ulipitia nyanda za Kajiado hadi Ngong, mpakani mwa Wamaasai na Wakikuyu, ambapo chakula kilinunuliwa kwa wingi. Kutoka hapo uliteremka Bonde la Ufa mpaka Ziwa Naivasha. Thomson, kwa elimu yake ya miamba, aliona kwamba nchi hiyo ilikuwa imefinyangwa na volkeno. Aliupanda mlima Longonot hadi ukingoni mwa kasoko yake, akatazama chini shimo kubwa lenye kuta zilizosimama wima.

Kila siku ilikuwa na taratibu zake. Msafara uliamka kabla ya jua kupanda ili kupata mwendo wakati wa baridi. Ulipofika kambini, wapagazi walikata miiba na kujenga boma kabla ya kula. Kisha morani walifika, wakasimama na mikuki yao, na mazungumzo ya hongo yakaanza. Yaliweza kuchukua saa nyingi. Mgeni hakuruhusiwa kuonyesha hasira. Thomson alivumilia kuguswa nywele, kuvutwa nguo na kuchunguzwa kama kitu cha ajabu. Bunduki zilikuwepo, lakini alijua kwamba risasi moja ingeweza kuwaangamiza wote.

Uvumi ulienea kwamba yeye ni laiboni mweupe, na yeye hakuukanusha. Alikuwa na meno mawili ya bandia aliyoweza kuyatoa na kuyarudisha mdomoni. Alikuwa pia na chumvi ya Eno, ambayo hutoa povu inapotiwa ndani ya maji. Vitu hivi viwili viliwashangaza watu. Walimwendea awape dawa ya magonjwa, ya uzazi na ya mifugo. Ujanja huo ulimsaidia kupita, lakini ulimletea mzigo mwingine. Wakati huo ugonjwa ulikuwa ukiwaua ng'ombe wengi wa Wamaasai, na watu waliopoteza mali yao walimtazamia mtu huyu awaponyeshee ng'ombe. Hakuwa na dawa hiyo. Kila siku aliyokaa mahali pamoja, hatari ya kugundulika iliongezeka.

Nyandarua, maporomoko na mlima wenye theluji

Karibu na Naivasha safari iligawanyika. Kimemeta na Martin waliongoza sehemu kubwa ya msafara kaskazini kupitia bondeni kuelekea Baringo. Thomson alichagua wanaume wapatao 30 tu ili apande nyanda za juu za mashariki na kuufikia Mlima Kenya. Wakubwa wa misafara waliiona safari hiyo kuwa ya hatari kupita kiasi. Watu 30 hawakuweza kujilinda wala kubeba hongo ya kutosha.

Kundi hili dogo lilipanda ukingo wa bonde, likaingia katika misitu ya mierezi na mianzi, ambako usiku ulikuwa na baridi kali. Wapagazi wa pwani, waliozoea joto la bahari, walilala karibu na moto wakiwa wamejifunika nguo moja. Safu ya milima waliyoipita Wakikuyu huiita Nyandarua. Thomson aliipa jina la Aberdare, kwa heshima ya Lord Aberdare, rais wa Shirika la Jiografia aliyekuwa London na hakuwahi kuiona milima hiyo.

Katika nyanda za Laikipia chakula kilipungua. Ng'ombe walikuwa wamekufa kwa ugonjwa kila mahali, na nyakati nyingine msafara ulikula nyama ya mifugo hiyo kwa kukosa kitu kingine. Morani waliwazonga kambini na kuongeza madai kila siku. Hatimaye, ng'ambo ya nyanda hizo, Thomson aliuona Mlima Kenya, kilele chake chenye theluji kikijitokeza juu ya mawingu. Hapo alithibitisha kwamba taarifa ya Krapf, iliyopingwa na baadhi ya wasomi wa Ulaya kwa miaka mingi, ilikuwa kweli.

Alitamani kuukaribia zaidi. Lakini mali ya hongo ilikuwa inakwisha na subira ya wenyeji pia. Kwa mara ya pili alichagua kuondoka usiku kimya kimya. Hakuupanda Mlima Kenya. Kilele chake kilifikiwa mwaka 1899 na Halford Mackinder pamoja na waongozaji wake wawili, Cesar Ollier na Joseph Brocherel.

Katika nyanda hizohizo za Laikipia, Thomson alifika mahali ambapo mto Ewaso Narok unaanguka kutoka kwenye ukingo wa mwamba hadi korongoni, urefu wa zaidi ya mita 70. Kwa mtaalamu wa miamba, hapo palikuwa kama kitabu kilichofunguliwa: mwamba wa volkeno ulio mgumu juu, na maji yakiula polepole kwa miaka mingi. Maporomoko hayo yaliitwa Thomson, na mji uliojengwa kando yake ulijulikana kwa jina hilo wakati wa ukoloni. Leo mji huo unaitwa Nyahururu.

Hapa mtahiniwa ajihadhari na neno kugundua. Wamaasai walikuwa wakinywesha mifugo yao katika mito hiyo kabla babu yake Thomson hajazaliwa. Alichofanya Thomson ni kupima, kuchora na kuandika, ili watu wa mbali wapate habari. Kutumia neno kugundua bila maelezo ni kosa linalopunguza alama katika majibu ya insha.

Hadi ziwani

Kutoka nyanda za juu kundi liliteremka Bonde la Ufa tena na kufika Baringo, ambako walikutana na wenzao miongoni mwa Wanjemps, watu waliowapokea kwa amani. Baada ya kupumzika, Thomson alielekea magharibi. Alipanda kuta za Kamasia na Elgeyo, akavuka nyanda za Uasin Gishu zilizokuwa karibu tupu baada ya vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, akafika Kavirondo. Huko alikuta vijiji vingi, mashamba na chakula tele. Katika mji wa Wanga, unaoitwa leo Mumias, alipokewa na mtawala kijana Mumia.

Mwezi Desemba 1883 alifika ufuoni mwa Ziwa Victoria. Wapagazi waliingia majini wakishangilia. Lengo kuu la safari lilikuwa limetimia: njia ya moja kwa moja kutoka Mombasa hadi ziwani ilikuwa imepitwa na kuchorwa. Angeweza kuendelea hadi Buganda, lakini alikuwa mgonjwa wa homa na habari zilizomfikia kuhusu njia ya mbele hazikuwa nzuri. Aligeuka. Askofu James Hannington alipofuata njia ya Thomson mwaka 1885 na kuendelea mbele, aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Hapo ndipo thamani ya uamuzi wa kugeuka ilipoonekana.

Kurudi akiwa mahututi

Alirudi kwa kupitia miteremko ya Mlima Elgon, ambako alishangaa kuona mapango makubwa yakikaliwa na watu pamoja na mifugo yao.

Tarehe 31 Desemba 1883 alikwenda kuwinda ili kupata nyama ya msafara. Alimpiga risasi nyati, akaanguka. Thomson akadhani amekufa, akamsogelea. Nyati akainuka, akamrusha hewani kwa pembe na kumjeruhi vibaya pajani. Watu wake waliokuwa karibu walimwua mnyama huyo kabla hajammaliza. Mwaka 1884 ulimkuta akibebwa kwa machela.

Jeraha lilipoanza kupona, kuhara damu kukamshika. Njiani kuelekea pwani alilala majuma kadhaa ndani ya kibanda cha nyasi karibu na ukingo wa Bonde la Ufa, amekonda kiasi cha kutoweza kusimama. Ugonjwa huo ndio uliomwua Johnston, na Thomson alilijua hilo. Kulikuwa na baridi, chakula kilikuwa haba, na wenyeji walikuwa na uadui. Wapagazi wale walioitwa takataka za Zanzibar wakati wa kuajiriwa wangeweza kumwacha na kugawana mali. Hawakumwacha. Walimlinda, wakambeba, wakapita Ukambani na nyika, na mwezi Mei 1884 wakafika naye pwani akiwa hai. Msafara ulikuwa umetembea miezi 14.

Baada ya safari

Mwaka 1885 Thomson alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, kikasomwa sana. Shirika la Jiografia lilimtunuku nishani ya dhahabu akiwa na umri wa miaka 27. Swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, anayejulikana kwa Kiswahili kama swala tomi, anaitwa kwa jina lake katika lugha nyingine.

Hakutulia. Mwaka huohuo wa 1885 alikwenda Sokoto na Gwandu, katika Nigeria ya leo, kufanya mikataba kwa niaba ya kampuni ya biashara ya Waingereza. Mwaka 1888 alipanda milima ya Atlas nchini Morocco. Mwaka 1890 alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuelekea Katanga kwa mtawala Msiri, lakini ndui iliwashambulia wapagazi wake na yeye mwenyewe akaugua. Alirudi bila kufika. Afya yake haikupona tena. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895 akiwa na umri wa miaka 37.

Tathmini

Mtu huyu ana pande mbili, na mtahiniwa bora huzionyesha zote.

Upande mmoja, Thomson alikuwa msafiri mvumilivu. Aliongoza misafara kupita nchi zilizoogopwa bila kupigana na wenyeji, jambo ambalo wapelelezi wengine wa wakati wake hawakuliweza. Alijua wakati wa kusonga mbele na wakati wa kurudi nyuma. Aliandika kwa uangalifu habari za miamba, milima, maziwa na mimea.

Upande mwingine, ramani yake haikubaki kabatini. Njia aliyoionyesha iliwapa Waingereza sababu ya kuitamani nchi ile. Mwaka 1895, mwaka aliofariki, Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Victoria. Wamaasai waliomruhusu Thomson apite baadaye walipoteza sehemu kubwa ya malisho yao ya Naivasha na Laikipia kwa walowezi. Thomson mwenyewe hakuchukua ekari hata moja. Alifungua mlango, na walioingia baada yake walikuwa na nia nyingine.

Tena, sifa ya safari imebaki na jina moja, ilhali kazi ilikuwa ya wengi: Chuma, Kimemeta, Makatubu, na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa.

Mambo ya kukumbuka

1. 1858: alizaliwa Penpont, Scotland.
2. 1879–1880: safari ya Ziwa Nyasa na Tanganyika, kifo cha Johnston, msaada wa Chuma.
3. 1883–1884: safari ya nchi ya Wamaasai, Nyandarua, Laikipia, Baringo, Ziwa Victoria, Elgon.
4. Sababu za kufaulu: subira, kulipa hongo, kuepuka vita, kusafiri pamoja na Waswahili wazoefu, na uaminifu wa wapagazi.
5. Matatizo: ukosefu wa maji na chakula, baridi, magonjwa, wanyama wakali, uhasama uliosababishwa na msafara uliotangulia.
6. Matokeo: njia fupi ya ziwani ilijulikana, ukoloni na reli vilifuata.
7. 1895: alifariki London.

Maswali ya marudio

1. Eleza mara tatu ambapo Thomson alilazimika kuchagua kati ya kuendelea na kurudi nyuma. Katika kila mara, toa sababu ya uamuzi wake. (Alama 6)
2. Kwa nini shanga zilitungwa upya Taveta? Jambo hili linatufunza nini kuhusu biashara ya wakati huo? (Alama 4)
3. Fafanua mchango wa Jumbe Kimemeta na wapagazi katika safari ya 1883 hadi 1884. (Alama 5)
4. Neno kugundua lina kasoro gani linapotumiwa kueleza maporomoko ya Nyahururu? (Alama 3)
5. Thomson alifungua mlango ambao wengine waliupitia. Jadili kauli hii ukitumia hoja kutoka katika kifungu. (Alama 10)
6. Chagua mtu yeyote wa eneo lako aliyefariki zamani na ambaye watu bado wanamkumbuka. Andika wasifu wake kwa maneno 400, ukilipa nafasi kubwa tukio moja lililompima. (Alama 20)

Dokezo: katika swali la 6, usianze kwa kumsifu. Anza kwa kuzaliwa kwake na malezi yake, uonyeshe alichokabiliana nacho, kisha umwachie msomaji ayaone mwenyewe yanayostahili sifa.